Zahanati ya Zamani: Jumba la Zanzibar na wamiliki wake

Kwa mkazi wa Rusizi, Kongo iko ng'ambo ya mto tu. Katika karne ya 19, pembe za ndovu kutoka mashariki mwa nchi hiyo zilifika pwani kwa misafara ya miguu, mabegani mwa wapagazi na watumwa. Kiswahili nacho kilienea bara kwa njia hizohizo. Miongoni mwa waliotajirika kwa biashara ya misafara ni Tharia Topan, ambaye jumba lake bado linatazama bandari ya Zanzibar.

Topan, Mwismaili mzaliwa wa Kutch nchini India, aliwakopesha bidhaa wakuu wa misafara, akiwemo Tippu Tip, na pia alisimamia forodha ya Sultani.

Hospitali ambayo haikufunguliwa

Mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala, Topan alianza kujenga hospitali kwa ajili ya maskini. Ramani ilichorwa na Hashem Virjee Patrak, msanifu majengo kutoka India, aliyelipa jengo roshani za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi.

Topan alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijakamilika. Mjane wake aliendeleza ujenzi hadi ukamaliziwa mwaka 1894, lakini hospitali iliyokusudiwa haikufunguliwa. Miaka michache baadaye, jumba liliuzwa kwa wasimamizi wa mirathi ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Hao walilitumia kwa kazi ya hisani: chini zahanati, juu makazi ya wapangaji. Hivyo sehemu ya nia ya Topan ilitimia mikononi mwa wengine, na jina la Zahanati likabaki hadi leo.

Kuchakaa na kufufuliwa

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ililichukua jengo. Kwa kukosa matengenezo, lilichakaa. Mwaka 1990 lilikabidhiwa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, kiongozi wa madhehebu aliyokuwemo Topan mwenyewe. Mafundi walilikarabati hadi mwaka 1996, likageuzwa kituo cha utamaduni.

Kwamba ukarabati huo haukuwa anasa kulidhihirika tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash lililoko ufukweni huohuo, iliporomoka, ingawa Mji Mkongwe wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Historia ya Zahanati ya Zamani inaonyesha kwamba uzuri wa ramani na umaarufu wa mwenye nyumba havitoshi kuilinda nyumba. Imesimama kwa sababu kila ilipobadili mikono, hatimaye alipatikana wa kuipa kazi na wa kugharimia matengenezo yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.