Matengenezo ya Boti Ndogo katika Ziwa Kivu: Kazi Zake na Msamiati Wake

1. Utangulizi

Mtu akitaja Masisi, wengi hukumbuka milima, malisho ya ng'ombe na jibini. Akitaja Walikale, hukumbuka misitu. Ni wachache wanaokumbuka vyombo vya majini. Hata hivyo, wilaya ya Masisi inapakana na Ziwa Kivu kuanzia Sake hadi Bweremana, na mito ya Walikale, kama vile Lowa na Oso, ina mitumbwi yake. Mbao ngumu za misitu ya Walikale na nguzo za mikaratusi ya Masisi ni mali ya kila siku ya mafundi wetu.

Makala haya yananuia kueleza kazi ambazo mwenye boti ndogo ya mbao, yenye injini na kijumba cha kujikinga jua na mvua, anaweza kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe, iwe boti hiyo ni ya matembezi au ya safari za jamaa. Pamoja na kazi hizo, tutayatazama maneno yanayozitaja. Msimamo wetu ni kwamba Kiswahili cha ufukweni Kivu kinajitosheleza kwa mambo mengi, na mikopo yake kutoka Kifaransa haina aibu. Yako, hata hivyo, mambo machache ambayo msamiati wa mabaharia wa pwani unatuwezesha kuyasema bila utata. Na utata ndani ya chombo huweza kugharimu maisha.

2. Mbao na viungo

Matengenezo ya maana huanza kwa kuitoa boti majini. Huko pwani, bahari yenyewe humsaidia fundi. Maji yakijaa, chombo husogezwa ufukweni. Yakipwa, hubaki juu ya mchanga, na fundi hukisugua na kukipaka dawa kabla maji hayajarudi. Ziwa Kivu halina kujaa na kupwa kwa namna ya kumfaa fundi, na ndiyo sababu wanafunzi wetu hulijua neno kupwa kutoka vitabuni tu. Kwetu boti huvutwa juu ya magogo kwa nguvu za watu, baada ya kutoa injini, betri na tangi ili kupunguza uzito.

Adui wa mbao naye si yule yule. Baharini yumo kiumbe mfano wa mnyoo atobowaye mbao, na watu wa pwani humzuia kwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo iliyo chini ya maji. Katika ziwa letu kiumbe huyo hayumo. Lakini chumvi ya bahari husaidia kuhifadhi mbao, ilhali maji ya mvua huziozesha. Kwa hiyo katika Kivu mara nyingi kuoza huanzia juu: kwenye viungo vya sitaha, kwenye miguu ya nguzo za kijumba, na popote maji ya mvua yanapotuama. Kipimo chake ni ncha ya kisu. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza, nayo haina budi kukatwa hadi ifikiwe sehemu iliyo nzima. Kupaka rangi juu ya mbao iliyooza ni kuuficha ugonjwa, wala si kuutibu.

Baada ya mbao hufuata viungo vyake. Kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao na mbao huitwa kalafati. Nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta hushindiliwa katika ufa kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha juu yake hupakwa kizibo. Kosa la anayeanza ni kushindilia kwa nguvu nyingi mno. Mbao iliyokaa nchi kavu imesinyaa. Ikirudi majini itavimba. Ufa uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi ya kupokea uvimbe huo, na mbao husukumana hata misumari ikang'oka katika mataruma, yaani mbavu za chombo. Inafaa kujaza kwa kiasi, kisha kuiacha boti majini siku moja au mbili chini ya uangalizi, hadi viungo vijifunge vyenyewe.

Hapa twaweza kuona jinsi kazi inavyozaa msamiati. Mtumbwi uliochongwa kutoka gogo moja hauna kiungo, hivyo mwenyewe hana haja ya kalafati. Hofu yake ni kupasuka kwa mti unapokauka, ndiyo maana mtumbwi huwekwa kivulini au huachwa majini. Boti ya mbao ilipokuja, ilikuja na viungo, na viungo vikadai jina la kazi yake. Kusema kuziba peke yake hakutoshi, kwa kuwa tundu huzibwa, kopo huzibwa na njia huzibwa. Kalafati ni kazi moja mahususi.

3. Injini na rafadha

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Jambo hili humhusu moja kwa moja kila mwenye injini. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, injini iliyopimwa kando ya bahari itakuwa imepoteza karibu sehemu moja katika saba ya nguvu zake ifikapo kwetu. Wengi hudhani kwamba injini yao ni mbovu, kumbe mzigo wa kuzungusha umeizidi.

Tiba yake imo katika rafadha, ambayo mafundi wetu huiita elisi kutoka neno la Kifaransa hélice. Kila rafadha ina hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Hatua ndefu huhitaji nguvu nyingi. Kuipunguza hatua kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, na injini iliyokuwa ikigugumia hupumua. Kubadili rafadha ni kazi ya saa moja, nayo huweza kumwepusha mtu na gharama ya kununua injini kubwa zaidi, yenye uzito zaidi na yenye kunywa esansi zaidi.

Utunzaji wa kila wiki ni mwepesi. Kwanza, mwenye boti atazame kama maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu, kwa kuwa majani na mifuko ya plastiki huziba mdomo wa kuyavuta. Wala asiiwashe injini ya aina hii nje ya maji bila kuipatia maji ya kupoza. Pili, afungue mafuta ya gia: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia na vizibo vimechakaa. Tatu, akaze kila buloni inayoishikilia injini. Kuhusu maneno kama esansi, mazutu, buloni na elisi, hatuoni sababu ya kuyafukuza. Kila mtu ufukweni anayaelewa kwa maana moja, na hiyo ndiyo kazi ya neno.

4. Ngama, mvuke na moto

Hali hubadilika tufikapo sehemu ya ndani kabisa ya chombo, chini ya ubao wa kukanyagia. Maji yote yanayoingia, ya mvua na ya kuvuja, hukusanyika hapo. Mtu akimwambia mwenzake kwamba kuna maji chini ya boti, amesema nini? Ziwa zima liko chini ya boti. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba ameambiwa habari ya kina cha maji, au asielewe chochote, na wakati unapita. Pwani sehemu hiyo ina jina: ngama. Na kuyatoa maji yaliyomo ni kufua maji, maana ambayo wengi wetu hatukuwa nayo, kwa kuwa kwetu hufuliwa nguo. Anayesema kwamba ngama ina maji amesema jambo moja tu.

Si maji peke yake yashukayo ngamani. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, nao hutiririka hadi mahali pa chini kabisa na kutuama hapo usionekane. Mkazi wa Sake au Goma hahitaji maelezo marefu, maana anayajua mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini na kujikusanya mabondeni, inayoua mbuzi, na hata watu, bila kishindo. Neno hilo la Kiswahili limepokewa na wataalamu wa volkeno wa nchi nyingine, ambao huliandika kama tulitamkavyo. Gesi hizi mbili si moja: ya mazuku huua kwa kumnyima mtu pumzi, na mvuke wa esansi huua kwa kulipuka. Lakini tabia yao ya kushuka ni moja. Kwa hiyo, ikiwa injini imo ndani ya boti, mifuniko yote ifunguliwe na hewa ipite kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Betri iwekwe mahali pa juu, pakavu na penye hewa, na fyuzi iwe karibu nayo. Kadhalika, jiko la makaa lisiwashwe katika kijumba kilichofungwa, wala mtu asilale humo huku injini ikinguruma nje. Moshi wake una sumu isiyo na harufu.

5. Nyongeza na uzito

Ni sasa tu ndipo inapofaa kuzungumzia kuiboresha boti: taa, paneli ya jua, viti, paa pana zaidi. Kila nyongeza ni uzito, na uzito ulio juu ni hatari kuliko uzito ulio chini. Boti husimama wima kwa sababu mzigo wake mwingi umekaa chini. Ukiujaza paa, umeigeuza mizani. Maji yaliyoachwa ngamani huzidisha balaa, kwani boti ikiinama kidogo nayo hukimbilia upande uleule. Mwenye boti apige mstari wa rangi ubavuni, kuonyesha mahali ambapo maji yasipite boti ikiwa na shehena yake, na ausogeze chini kila anapoongeza kitu juu.

Tahadhari hii si ya darasani. Mapema mwaka 2024 vita viliifunga barabara kati ya Sake na Minova, na wasafiri wengi wakalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Makumi walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangoja ufukweni.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba matengenezo ya boti ndogo yana utaratibu wake: mbao na viungo kwanza, injini baadaye, kisha ngama, na nyongeza mwisho. Tumeona pia kwamba msamiati una utaratibu kama huo. Neno lililokwisha kuenea na lisilo na utata, kama elisi, liachwe lifanye kazi. Panapo ufa, kama ule wa maji chini ya boti, ndipo tukope ngama kwa ndugu zetu wa pwani, nao wapokee mazuku kutoka kwetu. Tungependa wanafunzi watakaotafuta mada za utafiti washuke ufukweni wakiwa na daftari, wawasikilize mafundi, na waandike maneno yao pamoja na kazi inayotajwa. Kamusi itafaidika, na huenda msafiri naye akafaidika.