Kipi Kitupwe, Kipi Kitunzwe

Mwananchi anayeingia chumba cha operesheni hakumbuki yatokeayo baada ya kulala. Pamoja na nusukaputi, mara nyingi hupewa dawa ya kulegeza misuli, hata pumzi yake mwenyewe ikakoma. Hapo mtaalamu wa usingizi huuinua ulimi wake kwa kifaa chenye mpini, taa na bapa, akauona mlango wa koo la hewa, kisha akapitisha mpira wa kupumulia. Kazi hiyo haina subira, kwani ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kudhurika.

Kifaa hicho ni laringoskopi. Bapa lake lililopinda, lililoenea duniani kote, lilibuniwa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Kwa miaka mingi lilikuwa la chuma, likioshwa na kutumika tena. Leo viwanda vinatengeneza pia mabapa ya plastiki ya kutumika mara moja na kutupwa. Sisi watu wa visiwani tufuate lipi?

Hoja ya kutupa si ya kupuuzwa. Bapa hugusa mate na pengine damu. Likifutwa juu juu tu, maradhi ya mgonjwa wa asubuhi huweza kumfikia wa jioni. Lakini kutupa nako kuna hatari zake. Mwaka 2001 Uingereza, kwa kuhofia ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kichaa cha ng'ombe, iliagiza vyombo vya operesheni ya mafindofindo vitumike mara moja tu. Kabla ya mwaka huo kwisha agizo lililegezwa, baada ya kuonekana wagonjwa wengi zaidi wakitokwa na damu. Usafi ulipatikana, ubora wa chombo ukapungua.

Sisi tunalo la ziada. Makasha ya vyombo huvuka bahari kuja Unguja na Pemba, na taka zake hutubakia. Zanzibar, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, haiwezi kuifumbia macho plastiki ya hospitali.

Kwa maoni yetu, mpira wa kupumulia utupwe baada ya mgonjwa mmoja, bila mjadala, kwani tundu lake refu halisafishiki kwa uhakika. Bapa la chuma litunzwe: lisuguliwe kwa maji na sabuni mara litokapo kinywani, litakaswe kwa mvuke kama kiwanda kilivyoelekeza, na taa yake ijaribiwe kabla mgonjwa hajalazwa. Mpini nao usisahauliwe. Mabapa ya kutupwa yawe akiba ya dharura, na ya siku maji au umeme ukikatika.

Iko njia ya tatu, nayo hatuna budi kuikemea: kuosha na kutumia tena kilichotengenezwa ili kitupwe. Plastiki isiyoundwa kuhimili joto hupinda na huweza kuvunjika ndani ya kinywa cha mgonjwa.

Tunawakumbusha wapangaji wa bajeti kwamba chuma si nafuu pasipo maji, umeme, mtambo wa mvuke uliokaguliwa na mfanyakazi aliyefunzwa kuosha vyombo, anayestahili heshima kama mwenzake aliyevaa koti jeupe. Kila bapa liandikwe: limetumika lini, limetakaswa na nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa kitakachopotea ni roho ya mwananchi.