Diatomu: Mashahidi wa Maji

Ukienda kwenye ufuko wa Ziwa Victoria karibu na Mwanza, utaona mawe makubwa ya matale yaliyosimama pembezoni mwa ziwa na mengine ndani ya maji. Mahali ambapo jiwe huguswa na maji pana utelezi wa rangi ya kahawia. Watu wengi hudhani kuwa utelezi huo ni uchafu tu. Lakini tukiutazama kwa hadubini, tutaona viumbe hai wengi mno. Baadhi yao huitwa diatomu.

Diatomu ni nini?

Diatomu ni viumbe wa jamii ya mwani. Kila mmoja ana seli moja tu. Diatomu 50 za ukubwa wa kawaida zikipangwa katika mstari mmoja, huchukua nafasi ya milimita 1 hivi. Kama ilivyo mimea, diatomu hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, na hutoa oksijeni. Konokono na baadhi ya samaki huzila.

Diatomu hujijengea ganda gumu linalofanana na kioo. Ganda hilo hutokana na silika, ambayo imo katika mchanga na miamba, na kiasi kidogo chake huyeyuka katika maji. Ganda lina sehemu mbili, kama sanduku dogo na kifuniko chake. Aina moja ina umbo la mtumbwi, nyingine la sindano, nyingine ni ya mviringo kama sarafu. Wataalamu huzitambua aina za diatomu kwa maumbo hayo.

Diatomu hutuambia nini?

Mkulima akiona kiduha kimejaa katika shamba lake la mtama, hutambua kuwa huenda rutuba ya udongo imepungua. Kiduha ni shahidi wa udongo. Diatomu nazo ni mashahidi wa maji. Aina nyingine hustawi katika maji safi tu. Nyingine, kama zile za kundi la Nitzschia, nyingi wao huvumilia maji yaliyochafuliwa na taka.

Fikiria mto unaopita katikati ya mji, kama Mto Mirongo unavyopita Mwanza na kuingia ziwani. Tuseme taka zilimwagwa mtoni usiku. Ukichota maji asubuhi na kuyapima, huenda usigundue kitu, kwa sababu mto umekwisha kuzichukua taka hizo. Lakini diatomu zilizoshika juu ya jiwe haziondoki upesi. Zimeishi hapo kwa majuma kadhaa, na zimepatwa na yote yaliyopita. Kwa hiyo mtaalamu hukwangua jiwe kwa mswaki, huyasafisha maganda kwa dawa, kisha huyahesabu na kutambua aina zake. Ndipo anapojua hali ya maji kwa muda wote huo.

Historia ndani ya tope

Diatomu zinapokufa, maganda yake huzama. Mengi hayaozi, bali hubaki katika tope. Tope la chini ni la zamani, na la juu ni la karibuni. Wataalamu waliochunguza tope la Ziwa Victoria waliona kuwa mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, diatomu za kundi la Aulacoseira, zenye maganda mazito, zilikuwa nyingi ziwani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na Nitzschia zenye maganda membamba pamoja na mwani wa rangi ya buluu-kijani. Kwa nini?

Udongo uliomomonyoka, maji machafu ya miji, mbolea, na hata vumbi na moshi viliingiza virutubisho vingi ziwani. Mwani ukastawi kupita kiasi. Diatomu zilipoongezeka, zilitumia silika nyingi na kuzama nayo. Silika ilipopungua, zile zenye maganda mazito hazikupata vya kutosha vya kujengea. Mwani wa buluu-kijani hauhitaji silika, kwa hiyo ukaenea.

Badiliko hili linatuhusu sisi. Mwani mwingi ukifa na kuoza, hutumia oksijeni ya maji ya chini, na samaki hawawezi kuishi huko. Aina nyingine za mwani wa buluu-kijani hutoa sumu. Nayo maji ya bomba ya Mwanza huvutwa kutoka ziwani humo, ndipo yasafishwe.

Tahadhari: Diatomu hazituonyeshi vijidudu vya magonjwa. Maji yanayong'aa yaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu. Chemsha maji ya kunywa. Usiingie ziwani kutafuta diatomu, kwa maana unaweza kuambukizwa kichocho.

Tufanye nini?

Tusitupe taka mtoni. Tupande miti na majani ili kuzuia mmomonyoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Tukiitii, diatomu za kesho zitatoa ushahidi mwema juu yetu.

Jaribio

Mwombe mwalimu akuletee maji ya ziwa au ya bwawa. Jaza chupa mbili za kioo. Katika chupa moja tia samadi kidogo kwa ncha ya kijiko. Ziweke zote mahali penye mwanga kwa majuma mawili, na uzitazame kila siku. Usiyanywe maji hayo. Nawa mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Ni chupa ipi iliyogeuka kuwa ya kijani zaidi? Kwa nini?
2. Ganda la diatomu hutokana na nini?
3. Kwa nini diatomu za juu ya jiwe hutuambia mengi kuliko maji yaliyochotwa mara moja?
4. Je, maji yenye diatomu za maji safi yanafaa kunywewa bila kuchemshwa? Eleza.