JE, WAJUA? Kitambaa chenye mipaka

Askofu mkuu huvaa mabegani utepe mwembamba wa sufu nyeupe. Unaitwa palio. Una misalaba sita myeusi. Hauvaliwi popote tu: ni ndani ya jimbo kuu lake na majimbo yaliyo chini yake.

Sasa mtazame Maurice Muhatia Makumba, Askofu Mkuu wa Kisumu tangu 2022, mzaliwa wa Kakamega. Jimbo la Kakamega liko chini ya Kisumu. Kwa hiyo akija kuadhimisha Misa Shirere, huku nyumbani Kakamega, palio lake ni halali kabisa. Akienda Nakuru, alikokuwa askofu zaidi ya miaka 10, analiacha. Nakuru iko chini ya Nairobi!

Sufu yenyewe? Wanakondoo wake hubarikiwa Roma Januari 21, sikukuu ya Mtakatifu Agnes. Jina la Agnes linakaribiana na neno la Kilatini la mwanakondoo, agnus. Palio hubarikiwa Juni 29, siku ya Petro na Paulo.

Makumba ni mwanafalsafa pia. Kabla ya uaskofu aliandika vitabu vya falsafa, kimoja kikihusu falsafa ya Kiafrika. Mwanaseminari aliyekesha nacho kabla ya mtihani huenda leo ni padre wake.

Kisumu ilipandishwa kuwa jimbo kuu 1990. Makumba ni wa tatu tu, baada ya Zacchaeus Okoth na Philip Anyolo.