Kura, Reli na Shule: Uhasama wa China na Japani Katika Afrika Mashariki

Uhusiano wa kisiasa kati ya China na Japani, uliorejeshwa rasmi Septemba 1972 kwa tamko la pamoja la Zhou Enlai na Tanaka Kakuei, una hali inayowatatiza wengi: mataifa hayo hufanya biashara kubwa kila siku, huku serikali zao zikitazamana kwa jicho la shaka. Mzizi wa shaka hiyo ni vita vya 1937 hadi 1945, ambavyo China inaamini kwamba Japani haijavitubia ipasavyo. Na juu yake umeongezeka mgogoro wa visiwa ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina Diaoyu, pamoja na suala la Taiwan. Mkazi wa Visiga, Kibaha, nchini Tanzania, anaweza kuuona ugomvi huo kuwa wa mbali, lakini sehemu yake isiyo ndogo imepita katika ardhi na kura za Afrika Mashariki.

Kibaha kwenyewe, eneo la Kwa Mfipa, ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022. Shule hiyo ni ya vyama sita vya ukombozi, yaani CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, na ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Huo ni uhusiano wa chama kwa chama, ambao huwafikia makada kabla hawajashika madaraka ya nchi. Japani haina njia ya namna hiyo. Misaada yake hupitia serikalini na katika shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA, ikielekezwa zaidi kwenye barabara, kilimo cha mpunga na uendeshaji wa hospitali.

Tofauti hiyo ina historia. Tarehe 25 Oktoba 1971, wakati Wachina na Watanzania wakijenga reli ya TAZARA, ambayo hukatiza Kisarawe kuelekea Zambia, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio 2758, lililoipa Beijing kiti cha China kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taipei, huko Taiwan. Tanzania, iliyowakilishwa na Salim Ahmed Salim, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio hilo, nayo Japani, ikiwa bega kwa bega na Marekani, ililipinga. Kura zilikuwa 76 dhidi ya 35. Haitoshi, basi, kuieleza TAZARA kama reli ya mizigo na abiria tu, kwa kuwa mkopo wake usio na riba ulitolewa na dola iliyokuwa ikitafuta kutambuliwa duniani, na Afrika ndiyo iliyokuwa na kura.

Leo, anayetoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kwenda mjini hupanda daraja la juu la Mfugale, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Septemba 2018, na kandokando yake huiona stesheni ya TAZARA iliyojengwa na Wachina.

Japani nayo ilikuja kuzihitaji kura hizo hizo za Afrika. Mwaka 2005, pamoja na Ujerumani, India na Brazil, ilitaka kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. China ikapinga, na waandamanaji wakaijaza mitaa ya miji yake. Umoja wa Afrika, kwa msimamo uitwao Mwafaka wa Ezulwini, ulidai viti viwili vya kudumu vyenye kura ya turufu, yaani haki ya nchi moja kuzuia uamuzi wa zote, na haukuliunga mkono pendekezo la nchi hizo nne, ambalo likakwama. Ulikuwa uamuzi wa heshima, kwa sababu Afrika ilidai chake badala ya kuamua kesi ya wengine.

Suala la Taiwan lilichacha upya Novemba 2025, Waziri Mkuu Takaichi Sanae alipoliambia Bunge la Japani kwamba shambulio dhidi ya kisiwa hicho laweza kuhatarisha uhai wa nchi yake. China iliwashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani, ikapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Hoja yake kuu kuhusu Taiwan katika chombo hicho ni lile Azimio 2758, na nchi zilizolibeba mwaka 1971, Tanzania ikiwamo, ndizo ambazo kila upande una sababu ya kuzibembeleza.