MAJI YA CHUMVI MITONI NA MICHE YETU



Kila kiangazi hutufikia khabari za miche ya mikarafuu iliyoungua ncha za majani ilhali haikukosa maji. Aghalabu mwenye kitalu hulaumu jua au wadudu. Huenda ikawa hivyo. Lakini kitalu kikinyweshewa maji ya mto ulio karibu na bahari, yapasa kwanza maji yenyewe yapimwe.

Mlangoni mwa mto maji ya mvua husukuma nje, na bahari ikijaa husukuma ndani. Wakati wa masika mto hushinda. Januari na Februari mto hupungua nguvu, na chumvi hupanda hata pale palipokuwa na maji matamu. Ndio wakati ule ule ambao miche hutaka maji zaidi.

Wenzetu wa Mrima wanalijua jambo hili. Mto Pangani hushuka kutoka pande za Kilimanjaro na Meru, mwendo wa karibu kilomita 500. Njiani maji yake huchukuliwa kwa mashamba na miji, na tangu miaka ya 1960 mengine huzuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Yafikayo mwisho yamepungua, na wakulima wa karibu na mlango wa mto wameona mashamba yao yakiingiwa na chumvi. Ikiwa mto mkubwa kama ule umelemewa, vijito vyetu je?

Ulimi hautoshi kuwa kipimo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Debe moja la maji hayo likichanganywa na madebe 34 ya maji matamu, kila lita hupata gramu 1. Mwenye kiu aweza kuyanywa, lakini kitaluni jua huchukua maji na kuiacha chumvi udongoni, ikazidi siku hata siku.

Tena maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Achotaye juu kwa kata aweza kupata maji matamu, na chini yake ipo bahari.

Basi tufanye hivi:

1. Pimeni wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, maji yakiwa yamejaa. Pimeni tena yakiisha kupwa.

2. Chukueni maji ya juu na ya chini. Kwa ya chini, fungeni chupa kwenye jiwe, kizibo chake kitiwe uzi. Ikifika chini vuteni uzi.

3. Tumieni kipimo cha chumvi, kile kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya bahari huonyesha kiasi cha desisimensi 50 kwa mita. Kwa kumwagilia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 1985 kuwa chini ya 0.7 hakuna taabu. Baina ya 0.7 na 3 pana haja ya hadhari. Zaidi ya 3 ni hatari kubwa.

4. Andikeni daftarini tarehe, saa, mahali, hali ya bahari na hesabu iliyoonekana. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Cha misimu miwili mitatu chaonyesha kama chumvi inapanda.

Kipimo kikizidi, tekeni maji yakiisha kupwa na kuyaweka tangini, baada ya kuyapima, au hamisheni kitalu juu zaidi. Pia msikate mikoko, na msichimbe mchanga mlangoni mwa mto, kwani kuongeza kina ni kuifungulia bahari njia.

Jueni pia kuwa kipimo hiki hakionyeshi vijidudu. Maji yaliyo matamu yaweza kuwa machafu. Ya kunywa yachemsheni.

Mkarafuu si mkoko. Mche uliokufa leo ni miaka mingi ya kungoja iliyopotea, na daftari ni kitu rahisi.

Katibu wa Chama