Kuvua Vanishi ya Zamani

Kabati la mninga lililokaa sebuleni miaka mingi huonekana jeusi na limechoka, na wengi hulihukumu hapo hapo: liuzwe kwa bei ya kutupa, au lipigwe rangi nyeupe. Lakini weusi ule mara nyingi haumo kwenye mbao. Umo kwenye ngozi nyembamba iliyopakwa juu yake, iliyoshika moshi wa taa za mafuta, jasho la mikono na vumbi la viangazi vingi. Chini yake mninga wa misitu ya miombo ungali na wekundu wake na michirizi yake ya dhahabu. Kazi ni kuufikia bila kuujeruhi.

Ndiyo maana sishauri mtu aanze na msasa. Msasa hauchagui. Unaondoa vanishi, kisha unaondoa na ubao wa juu ulioiva kwa mwanga na umri, na rangi ile hakuna duka linaloiuza. Mashine ya msasa ni hatari zaidi: kingo hulika, nakshi hufifia, na fanicha ya fundi stadi hubaki kama imetoka kiwandani jana.

Kwanza ujue unavua nini. Tafuta mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mguu wa nyuma, upaguse kwa pamba yenye spiriti na usubiri kidogo. Pakilainika na kunata, hiyo ni shelaki, utomvu wa mdudu Kerria lacca anayefugwa India na Thailand, ambao mafundi huuyeyusha kwenye spiriti na kuupaka kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo inayoacha duara jeupe ukiiwekea kikombe cha chai ya moto. Spiriti ikishindwa, jaribu thina. Ikiyeyusha, una laka. Zote mbili zikigoma, hiyo ni vanishi ya mafuta au poliyurethani, ambazo zikishakauka hubadilika kikemia na haziyeyuki tena.

Jaribio hili dogo laweza kukuondolea kazi nzima. Shelaki iliyopasukapasuka haihitaji kuvuliwa. Safisha uchafu na nta ya juu, kisha pitisha brashi yenye spiriti kidogo: ngozi ya zamani italainika, nyufa zitaungana, na tabaka jipya la shelaki litashikamana na lile la kale mpaka yawe kitu kimoja. Vanishi ya mafuta na poliyurethani hazikubali kutibiwa hivyo, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuiheshimu shelaki.

Vanishi ngumu ndiyo inayodai dawa ya kuvulia. Ipake nene, iache ifanye kazi hadi ngozi ivimbe, kisha ikwangue kwa kisu butu cha puti ukifuata nyuzi za mbao. Kwenye nakshi tumia mswaki wa zamani. Soma kopo kabla ya kununua. Dawa zenye methilini kloridi huua watu kwenye vyumba vilivyofungwa, na mwilini hugeuka kaboni monoksidi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Kostiki nayo iache: huzidisha weusi wa mbao ngumu na kulegeza gundi ya viungo. Ikiwa ni rangi ya mafuta ya zamani, ihesabu kuwa ina madini ya risasi na usiisugue kavu, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Msasa zamu yake ni sasa, kwa mkono: namba 180, kisha 220, kufuata nyuzi. Vaa barakoa. Vumbi la mninga na la mvule huweza kuleta pumu, na vumbi la mbao ngumu kwa jumla limethibitishwa kusababisha saratani ya pua.

Mvule una ukaidi wake: kemikali zilizomo ndani yake huzuia baadhi ya vanishi za mafuta zisikauke, na watu hulaumu kopo. Ufute kwa thina, kisha utangulize tabaka jembamba la shelaki isiyo na nta. Baada ya hapo paka unachotaka, jembamba kila mara, ukisugua kidogo kati ya tabaka na tabaka.

Ukimalizia kwa mafuta ya kitani, usirundike vitambaa ulivyotumia. Mafuta haya hukauka kwa kula oksijeni, na tendo hilo hutoa joto. Ndani ya rundo joto hukosa pa kutokea hadi kitambaa kinajiwasha chenyewe. Mwaka 1991 vitambaa vya namna hiyo viliwasha jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, na wazimamoto watatu wakafa. Vitandaze kimoja kimoja nje, juu ya saruji, mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.